Sanaa ya sauti kwenye galari ya chuo: chumba kwanza, spika baadaye

Masikio_Kampala
Bassebo ne bannyabo, nafungua uzi huu kwa ajili ya wanafunzi, walinzi wa galari na mafundi wanaoandaa maonyesho ya sanaa ya sauti kwenye vyumba vya chuo. Galari nyingi zilijengwa kwa ajili ya picha na vinyago: sakafu ya vigae, kuta za plasta, dari iliyoinuka. Kwa jicho ni chumba safi. Kwa sikio ni kisima.

Tuchukue chumba cha mita 12 kwa 8, dari mita 4. Ujazo wake ni mita za ujazo 384, na ukijumlisha sakafu, dari na kuta unapata mita za mraba 352. Plasta na saruji hunyonya sauti kidogo sana, tuseme asilimia 4. Kwa hesabu ya Sabine, kanuni ya kukadiria muda wa mvumo, unazidisha 0.161 kwa ujazo, kisha unagawa kwa unyonyaji (asilimia 4 ya 352): 61.8 kwa 14. Jibu ni sekunde 4.4. Huo ndio muda ambao sauti iliyokatika inachukua kushuka desibeli 60. Mtu akisimulia hadithi kwenye spika, neno la kwanza bado linaelea wakati la kumi linatoka, na msikilizaji hashiki kitu.

Jambo la pili linalofuata hapo: katika chumba hicho, ukisogea zaidi ya nusu mita kutoka kwa spika ya kawaida, unachosikia zaidi ni kuta, si spika. Nje, ukienda umbali mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Ndani ya kisima haipungui hivyo, inabaki ileile hadi mlangoni. Ndiyo maana kazi sita kwenye chumba kimoja hugeuka uji, na kila msanii anaongeza sauti ili yake isikike, na hali inazidi kuharibika.

La tatu ni besi, yaani sauti nzito. Kila chumba kina masafa yake kinayoyapenda. Gawa mwendo wa sauti (mita 346 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 25) kwa mara mbili ya urefu wa chumba, kisha zidisha kwa 1, 2, 3 na kuendelea. Urefu wa mita 12 unatoa Hz (mitetemo kwa sekunde) 14, 29, 43. Upana wa mita 8 unatoa 22, 43. Dari ya mita 4 inatoa 43. Mmeona? Vipimo vyote vitatu vinakutana kwenye Hz 43, kwa sababu 12, 8 na 4 zote zinagawanyika kwa 4. Chumba kama hiki kinapiga kelele pale tu. Ukicheza rekodi ya boda boda inayoondoka stendi, injini ya silinda moja ikifika mizunguko 5,200 kwa dakika inalipuka mara 43 kwa sekunde, na ghafla galari nzima inaunguruma, kisha inatulia boda ikibadilisha gia. Msanii anadhani spika imeharibika. Spika ni nzima kabisa.

Namna ya kupima bila vifaa vya bei: tumia programu ya simu inayotoa mlio mmoja, iunganishe na spika yenye besi iliyowekwa kwenye kona, panda polepole kutoka Hz 30 hadi 300, na mtu mwingine atembee chumbani akibandika tepu sakafuni kila mahali mlio unapovimba au kupotea. Mchoro wa tepu hizo ndio ramani yenu. Baada ya hapo ondoeni spika ya besi kwenye kona, maana kona huamsha masafa yote ya chumba kwa pamoja, na punguzeni desibeli 6 kwenye 43 na kwenye 86.

Mpita_Njia_Mbale
Webale nnyo, ssebo. Mimi naongoza wageni, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Swali langu ni la chini zaidi. Mgeni anaingia, hakuna picha ukutani, hakuna jukwaa, anasikia mvumo na mikwaruzo. Baada ya dakika moja anatoka. Nimwambie nini? Na hii inatofautianaje na muziki?

Mwalimu_wa_Ngoma
Swali zuri, ndugu. Mwambie hivi: muziki wa jukwaani una mwanzo na mwisho, na wewe umekaa. Hapa kazi haina mwanzo, na wewe ndiye unayetembea. Miguu yako ndiyo inayochanganya sauti.

Kisha mpe la kufanya, maana maelezo peke yake hayamsaidii. Asimame katikati ya chumba, afumbe macho sekunde 30, ahesabu sauti tofauti anazosikia. Asogee hatua tatu kuelekea ile aliyoipenda, ahesabu tena. Ainamishe kichwa upande mmoja. Aweke kiganja ubaoni au kwenye bati linalotetema, kama kazi inaruhusu. Kundi la wanafunzi 30 ligaweni mara tatu, kwa sababu miili 30 na sare zake hunyonya sauti na minong'ono yao huifunika kazi. Dakika kumi kwa kundi zinatosha.

Wasidhani pia kwamba sanaa hii ni mgeni aliyeshushwa na ndege jana. Mwaka 1944 Halim El-Dabh alibeba mashine ya kurekodi kwa waya mjini Cairo, akarekodi sherehe ya zaar (tambiko la kutuliza pepo), kisha akazifinyanga sauti zile kwa mwangwi na kuondoa baadhi ya masafa. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kutangaza kazi zake za aina hiyo Ufaransa. Siku hizi Emeka Ogboh wa Nigeria amezipeleka sauti za stendi na mitaa ya Lagos kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Na Janet Cardiff wa Kanada mwaka 2001 aliipa kila sauti ya kwaya ya watu 40 spika yake, zikapangwa kwa umbo la yai, ili mgeni aweze kusimama karibu na mwimbaji mmoja au katikati ya wote.

Sisi tuna kitu kinacholingana na hicho tangu zamani, nacho ni amadinda, marimba ya Baganda. Mbao 12, wapigaji watatu. Omunazi na omwawuzi wanakaa wakitazamana, kila mmoja anapiga mfululizo wake kwa mikono miwili, na mapigo ya mmoja yanaingia katikati ya mapigo ya mwenzake. Omukoonezi yuko kwenye mbao mbili za juu kabisa, anaziokota noti mbili za chini na kuzirudia juu. Zikikimbia pamoja zinafika hadi mapigo kumi kwa sekunde, na sikio linaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Gerhard Kubik, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda hapa Kampala, aliandika sana kuhusu nyimbo hizo zinazojitokeza zenyewe. Hebu fikirini: wapigaji watatu, spika tatu, mgeni katikati. Akisogea kwa omunazi wimbo unavunjika. Akirudi katikati unazaliwa upya. Hata mtoto wa S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) ataelewa bila kuelezwa.

fundi_waya
Mwalimu, wazo ni tamu, lakini hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo niruhusu niingie na namba.

Kwanza kurekodi. Huwezi kuwatenga wapigaji kwa kuweka maiki tatu, kwa sababu wawili wanapiga mbao zilezile na maiki zote zitawabeba wote. Rekodi omunazi peke yake, kisha omwawuzi akimsikiliza omunazi kwenye hedifoni, mwisho omukoonezi akiwasikiliza wote wawili. Hedifoni ziwe za kufunika masikio, zisivuje. Msiwape mlio wa mashine wa kuhesabu mapigo, unakausha mpigo.

Pili kucheza. Kosa la kawaida ni kununua vichezeo vitatu vya MP3 vya bei nafuu, kuchomeka memori kadi na kubonyeza pamoja. Saa ya ndani ya kila kimoja inatofautiana kidogo. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni milisekunde 180 kwa saa moja. Pigo la amadinda ni milisekunde 100. Kwa hiyo kabla ya chai ya saa nne omwawuzi ameshampita omunazi kwa pigo zima, na kilichobaki si amadinda tena. Zaidi ya hapo, MP3 huongeza kipande cha ukimya mwanzoni na mwishoni mwa faili, na mzunguko unaruka kila unaporudi.

Dawa: faili moja la WAV lenye chaneli zote ndani yake, kompyuta moja ndogo kama Raspberry Pi, kadi moja ya sauti ya USB yenye njia nne au nane. Saa ikiwa moja hakuna kinachokimbizana. Angalia ukubwa tu: chaneli 8 kwa kHz 48 na biti 24 ni megabaiti 69 kwa dakika, na faili la WAV la kawaida lina kikomo cha gigabaiti 4, yaani saa moja na dakika mbili hivi. Ukipita hapo programu nyingine hukata bila kukuambia.

Tatu umbali. Sauti inatumia milisekunde 2.9 kwa mita moja. Spika zikiwa mita 7 mbali, mgeni aliyesimama kwenye spika ya omunazi anamsikia mwenzake akichelewa milisekunde 20, moja ya tano ya pigo, na ngoma inachechemea. Pembetatu ya mita 3 kila upande inatosha. Spika ziwe kwenye urefu wa sikio la mtu aliyesimama, mita 1.5.

Na kama mnaweka amadinda yenyewe chumbani karibu na spika, vile vigogo vya migomba vinavyobeba mbao vinatoa maji na utomvu siku ile ile. Tandika karatasi ya nailoni chini, na vibadilishe vinapoanza kulainika, la sivyo mbao zinazama na mlio unafifia. Utomvu ukishagusa sakafu ya saruji haufutiki.

Mpita_Njia_Mbale
Asante fundi. Na zile sauti za "ndani ya kitu", kama mtu anavyosikilizisha wageni ndani ya ngoma au ndani ya geti la chuma? Wanafunzi wamejaribu kwa kile kidude cha duara cha shaba, wakachomeka kwenye mikisa, ikatoka sauti ya redio mbovu.

fundi_waya
Hicho ni kidude cha pizo, kile cha milimita 27 kinachopatikana kwenye kengele za mlango na midoli iliyokufa. Ni kizuri sana, tatizo ni mahali mlipokichomeka.

Pizo kwa umeme ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Njia ya kawaida ya mikisa ina ukinzani wa kiloomu 10. Ukiviunganisha, kila kitu chini ya Hz 800 kinakatwa. Besi imekwenda, katikati imekwenda, imebaki mikwaruzo. Hiyo ndiyo "redio mbovu". Mkichomeka kwenye njia yenye megaomu 1, ile ya gitaa, mkato unashuka hadi Hz 8 na ngoma inarudi na mwili wake.

Kama mikisa haina njia ya gitaa, tengenezeni kituo cha kati, kati ya pizo na mikisa. IC (chipu) moja ya TL071, betri ya volti 9. Rezista mbili za kiloomu 100 zinagawa betri katikati, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka hapo kati hadi hasi ili kutuliza. Kutoka kati, rezista ya megaomu 1 inakwenda mguu wa 3. Pizo: waya wa katikati kwenye mguu wa 3, wavu kwenye hasi. Mguu wa 2 uunganishwe na wa 6. Kutoka mguu wa 6, kapasita ya mikrofaradi 10, chanya ikitazama IC, hadi kwenye jeki. Mguu wa 7 ni chanya ya betri, wa 4 ni hasi. Betri ya alkali inamaliza zaidi ya wiki ikiwaka usiku na mchana.

Kulehemu: ukingo wa shaba unavumilia, lakini duara jeupe la katikati ni kauri iliyopakwa fedha. Chuma kikikaa pale zaidi ya sekunde mbili fedha inabanduka na kidude kimekufa. Weka tone la risasi kwenye waya kwanza, kisha gusa na uondoe. Waya uwe wa maiki wenye wavu wa shaba, usizidi mita 3 kabla ya kile kituo. Ukimaliza, funika kidude kwa rangi ya kucha, mgongo na uso, ili kidole cha mtu kisilete mlio wa umeme.

Mnabandika wapi? Kwenye ngoma, si katikati ya ngozi. Weka theluthi moja kutoka ukingoni, kwa tepu ya pande mbili iliyo nyembamba. Tepu nene ya sponji inameza sauti zote nyembamba.

Kinyume chake, kutoa sauti kupitia kitu, kunahitaji kitetemeshi: spika isiyo na karatasi, omu 8, wati 20. Bati lililoning'inizwa kwa uzi wa kuvulia samaki linaimba vizuri. Gundi ya pete inayokuja na kitetemeshi inaachia kwenye joto la mchana, kwa hiyo kwaruza rangi, futa kwa spiriti, kisha funga kwa skrubu nne. Kukiwa na mlio wa nyuki, tafuta waya unaogusa bati kabla hujalaumu amplifaya.

Lubugo_na_Sauti
Nirudi kwa ule mvumo wa sekunde 4.4, maana hakuna aliyesema dawa yake. Ukiongeza mita za mraba 40 za kitu kinachonyonya asilimia 60, muda unashuka hadi sekunde 1.7. Hapo mtu anasikia maneno.

Kila mwaka kuna anayesema tutumie lubugo, nguo ya gome la mti, na kila mwaka unabandikwa ukutani kama karatasi ya mapambo. Ukibandikwa hivyo haunyonyi karibu chochote. Nguo nyembamba hufanya kazi mahali hewa inapokwenda kasi, na ukutani hewa haiendi kabisa. Ning'iniza sentimita 10 mbele ya ukuta. Kwa pengo hilo unaanza kushika vizuri kuanzia Hz 850 kwenda juu. Nyuma ya lubugo weka mablanketi mazito ya mtumba kutoka soko la Owino, yamekunjwa mara mbili. Blanketi la mita 1.5 kwa 2 ni mita za mraba 3, kwa hiyo mnahitaji 14 ukutani, maana yake 28 kwa sababu mmekunja. Besi haitaguswa na hayo, msijidanganye.

Lubugo usipakwe rangi ya mafuta, inaziba vitundu. Uwe mbali na taa za moto. Na jambo ambalo halimo kwenye hesabu: hii ni nguo ya gome la mti wa mutuba iliyopigwa kwa nyundo za mbao, imo kwenye orodha ya UNESCO, na kwa Baganda ndiyo inayomsindikiza maiti. Ukizungushia chumba kizima, mzee akiingia atasoma msiba. Kama kazi haizungumzii hilo, weka lubugo ukuta mmoja na mablanketi yenye kitambaa kingine kwenye kuta zilizobaki. Muulizeni mtu mzima wa ukoo kabla ya kukata.

Mwalimu_wa_Ngoma
Nnyabo umesema kweli, na hilo linanifikisha kwenye sauti za watu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia 1948, alizunguka nchi akirekodi kati ya 1949 na 1952. Makerere ina hifadhi ya sauti na picha yenye jina lake. Mwanafunzi anayetaka kuchanganya sauti hizo na za leo aanzie kwa watunzaji wa hifadhi, si kwa kunakili alichokikuta kwenye simu ya rafiki. Aandike kabila, kijiji, mwaka na jina la mpigaji kama limo kwenye kumbukumbu. Entenga, ngoma 15 za Kabaka (mfalme wa Buganda) ambazo 12 kati yake zilibeba wimbo, zilinyamaza kasri lake la Lubiri liliposhambuliwa 1966. Rekodi ya kitu kama hicho haifai kuwa mvumo wa nyuma wa kazi inayohusu mambo mengine kabisa.

Kwa rekodi mpya: omba ruhusa kwa lugha ya mwenye sauti, mchezee alichosema kabla hujaondoka, mwambie itachezwa wapi na kwa siku ngapi. Kwa stendi na soko tumia kHz 48, biti 24, kilele kisivuke desibeli 12 chini ya mwisho, na kofia ya manyoya kwenye maiki hata kama unaona hakuna upepo. Saa moja ya stereo ni gigabaiti moja.

Mpita_Njia_Mbale
Swali la mwisho: ule mlio wa "mmm" usioisha hata kazi ikisimama.

fundi_waya
Huo ni umeme wetu wa Hz 50. Ukiwa mvumo laini wa 50, vifaa viwili vimechukua ethi (waya wa ardhini) kwenye soketi tofauti na vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Vilishe vyote kutoka ekstensheni moja. Usikate pini ya ethi kamwe, unabadilisha mlio kwa kifo. Ukiwa mkali kama nyuki, angalia kama mnatumia inveta ya bei nafuu. Umeme wake una pembe badala ya wimbi, na amplifaya zinauimba. Waya za jeki za kawaida zisizidi mita 5. Zaidi ya hapo tumia waya za XLR, zile za maiki. Waya wa spika wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya ujenzi unatosha mita 10.

Umeme ukikatika: memori kadi ya Pi iwekwe hali ya kusoma tu, ianze kucheza yenyewe ikiwashwa, na amplifaya iwashwe mwisho, izimwe kwanza.

Masikio_Kampala
Naongeza ya mlinzi wa kila siku, maana msanii akishaondoka yeye ndiye mwenye kazi. Anakaa humo kwa muda wa saa nane, kwa hiyo kiti chake kisiwe mbele ya spika, na jumla chumbani ibaki karibu desibeli 65. Asubuhi atembee kwenye kila spika na aiweke mkono, asitegemee sikio kutoka mlangoni. Spika moja iliyokufa kati ya nane haisikiki kwa mbali. Ngozi za ngoma zilizobandikwa pizo azigonge kwa kidole. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, zinalegea na mlio unashuka, zinahitaji jua la nusu saa au jiko la makaa kwa mbali.

Na kama paa ni la mabati, mvua ya Kampala ikishuka hakuna spika itakayoishinda. Mlinzi ateremshe kitufe kikuu hadi chini, aache mlango wazi, na awaambie wageni wabaki. Kwenye ubao wa mlangoni andikeni tangu siku ya kwanza kwamba mvua ikinyesha, kazi inayosikika ni paa.